UZI: Siku 42 zinaisha Ijumaa. Tufunguliwe au tuongezewe nyingine?

#1 FundiCherehani_Kisenyi (Jumatano 28 Julai 2021, saa 2:40 usiku)

Wakuu, habari za kafyu.

Ijumaa siku 42 za kufungiwa Uganda kwa ajili ya korona zinatimia na mzee, Rais Museveni, atahutubia. Mimi nina cherehani tatu kwenye arkedi moja (jengo la maduka mengi) katikati ya mji, zimelala gizani tangu tarehe 18 Juni. Kodi haikulala. Mwenye jengo ananipigia kila Jumatatu, sauti ya upole kabisa, anaanza na kuniuliza afya.

Hoja yangu ni hii. Mwaka jana tulifungiwa tukaambiwa tunanunua muda ili hospitali zijiandae. Sawa, tukalipa. Mwaka huu wimbi la pili limekuja, oksijeni ikawa inatafutwa kama almasi. Ule muda tulionunua, risiti yake iko wapi? Na kama wa kwanza haukununua kitu, huu wa pili unanunua nini?

Nataka hoja, matusi pelekeni uzi wa siasa.

#2 MukwanoWaBoda (saa 2:51 usiku)

Arkedi zilifunguliwa 27 Julai mwaka jana, siku hiyo hiyo na sisi wa boda tukaruhusiwa kupakia abiria. Jana ilikuwa mwaka mmoja kamili. Nimesherehekea kwa kubeba magunia ya makaa, maana sasa ni mizigo tu tena mwisho saa 11 jioni.

#3 Nesi_wa_Zamu (saa 4:15 usiku)

Kaka Fundi, nimetoka zamu, viatu bado viko miguuni, lakini hili siwezi kulipita.

Kabla ya korona nchi nzima ilikuwa na vitanda 55 vya wagonjwa mahututi. Hamsini na tano, kwa watu zaidi ya milioni 40. Vimeongezwa baadaye, na uwanja wa Namboole ukageuzwa wodi. Usiseme hakuna kitanda hata kimoja kilichoongezeka.

Kitanda chenyewe lakini ni chuma na godoro. Nikueleze ninachokiona. Mtungi mkubwa wa oksijeni, ule unaomfika mtu begani, una lita kama 6,800. Mgonjwa anayevuta lita 15 kwa dakika anaumaliza kwa saa saba na nusu. Mgonjwa mmoja, mitungi mitatu na zaidi kwa siku. Ukiwa na wagonjwa ishirini wa namna hiyo na gari la mitungi limechelewa, unaanza kuzunguka wodini ukiangalia mshale wa geji, unapunguza huyu nusu lita, unapunguza yule. Mwezi wa sita nilikuwa nafanya hivyo. Watu wangekuwa wanapakiwa kwenye taksi kama kawaida wiki ile, ningekuwa na wagonjwa arobaini.

Siku 42 zilinunua hicho.

#4 FundiCherehani_Kisenyi (saa 4:22 usiku)

Sijasema hata kimoja, dada nesi, nimeuliza risiti. Umenijibu vizuri kuliko msemaji yeyote. Lakini umenisaidia mimi zaidi: mitungi na gari la mitungi vilitakiwa kuagizwa mwaka jana, wakati sisi tuko ndani tunakula posho (ugali).

#5 Afande_Mstaafu (saa 4:40 usiku)

Vijana mnasahau haraka. Mgonjwa wa kwanza aliingia 18 Machi mwaka jana, mzee akafunga mara moja. Bila hivyo Aprili ile tungezika watu kama Italia. Walikufa wengi hata hivyo.

#6 Hesabu_Kali (saa 4:58 usiku)

Heshima yako Afande, ila tarehe zako zina matobo.

Hotuba ya 18 Machi 2020 ilitolewa wakati hatuna mgonjwa hata mmoja aliyethibitishwa. Wa kwanza alipatikana tarehe 21, alitoka Dubai, akashukia Entebbe. Usafiri wa umma ukasimamishwa tarehe 25, magari binafsi na kafyu ya saa 1 usiku vikaja tarehe 30.

Na Aprili hakufa mtu kwa korona kwenye hesabu ya serikali. Kifo cha kwanza kilitangazwa 23 Julai 2020, mama mmoja wa Namisindwa, alifia Mbale. Kwa hiyo tumepitisha kufungiwa kote kule na daftari la vifo likiwa sifuri.

#7 Afande_Mstaafu (saa 5:03 usiku)

Nimesahihishwa. Lakini sifuri hiyo ndiyo ushindi wenyewe! Mlinzi ambaye duka halijaibiwa mnamwambia hakufanya kazi?

#8 MukwanoWaBoda (saa 5:30 usiku)

Sifuri ya korona, Afande. Wengine nani aliwahesabu?

Aprili ile ile, saa 3 usiku, jirani yangu alishikwa uchungu. Gari haliruhusiwi bila barua ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani, na RDC saa hizo yuko kwake amelala. Ambulansi tulipiga simu ikaita mpaka ikachoka. Nikampakia kwenye pikipiki, mumewe nyuma akimshikilia, taa nimezima. Kizuizi cha kwanza LDU (askari mgambo) wakatuangalia wakatupisha. Cha pili tukashushwa, nikala fimbo mbili za mgongoni huku yule mama ameshika bomba la breki analia. Kilichotuokoa ni chupa ya uzazi. Maji yalimwagika pale pale mbele ya taa ya tochi yao, na yule kijana mwenye fimbo akawa wa kwanza kupiga kelele "Nendeni! Nendeni!"

Mtoto yuko, anatembea, anaitwa jina langu. Kuna wengine wawili nawajua njia hiyo hiyo hawakufika.

Baadaye mzee alisema wajawazito hawahitaji barua. Baadaye.

#9 MamaShadia (saa 5:44 usiku)

Bannange, umenikumbusha mbali. Sisi wa sokoni tulilala chini ya meza za nyanya, mwaka jana na mwaka huu tena. Neti tuligawiwa, choo kimoja watu mia. Eti tusipeleke ugonjwa nyumbani. Tukaupeleka sokoni kwa wenzetu.

#10 Mhaya_wa_Mutukula (Alhamisi 29 Julai, saa 1:10 asubuhi)

Nawasoma kutoka ng'ambo ya mpaka, Tanzania, nacheka kidogo. Sisi hatukufungiwa. Tulipiga nyungu, tukafunga maombi siku tatu, tukaendelea na mnada wa ng'ombe.

#11 Hesabu_Kali (saa 1:35 asubuhi)

Na takwimu mliacha kutoa tangu Aprili/Mei 2020. Usiyepima huumwi. Hata hivyo jana Mama Samia kachanjwa hadharani Ikulu, Janssen, shehena ya dozi 1,058,400. Mbona nyungu imewekwa kando?

#12 Mhaya_wa_Mutukula (saa 1:41 asubuhi)

Haha, umenipata kwenye mfupa. Lakini niambie ukweli, mnaofungiwa na sisi tusiofungiwa, nani amezika zaidi? Hujui. Nami sijui. Ndiyo nasema.

#13 MzigoMalaba (saa 3:20 asubuhi)

Nimesimama Tororo nabadilisha tairi, ngoja nichangie.

Madereva wa trela ndio tuliolaumiwa mwaka jana. Malaba, mpakani na Kenya, nililala foleni siku sita nasubiri majibu ya kipimo. Siku sita tunachota maji kisima kimoja, tunakula kwa mama mmoja, tunacheza karata. Kama sikuwa na korona siku ya kwanza, waliniandalia kila nafasi ya kuipata siku ya sita. Vijijini watu wakiona trela wanafunika pua na kukimbia, hata maji ya kunywa huuziwi.

Halafu Mei wakaamua madereva wa kigeni watolewe kwenye hesabu ya taifa. Namba ikashuka usiku mmoja. Mimi ni Mganda wa Busia, nikabaki kwenye hesabu. Mwenzangu Mkenya tuliyekuwa tunakula sahani moja akafutwa. Virusi sijui vilisoma pasipoti gani.

Hoja: mipaka ilifungwa kwa maneno. Njia za panya za Busia hazijawahi kufungwa hata saa moja.

#14 Nubi_Bombo (saa 3:48 asubuhi)

"Virusi vilisoma pasipoti" 😂😂 Mzigo, andika kitabu.

Swali langu mimi: wimbi hili la pili lililetwa na nini? Maana kila mtu ana wake. Nesi anasema msongamano, wengine wanasema ni aina ya Delta kutoka India. Mimi nasema kampeni. Novemba na Desemba watu wamejaa barabarani, tukaambiwa uchaguzi ni wa "kisayansi", Januari 14 tukapiga kura tumebanana kwenye mistari. Ugonjwa ukatulia kuvuta pumzi.

#15 Hesabu_Kali (saa 4:05 asubuhi)

Nubi, hapo kuna pengo. Kampeni zilileta wimbi la kwanza, lile la Desemba. Februari na Machi mambo yalikuwa yametulia. Kama ni kampeni, virusi vilienda likizo miezi mitatu? Delta inaeleza zaidi. Ndege za India zilisimamishwa 1 Mei, maana yake mpaka siku hiyo zilikuwa zinatua.

#16 Mwalimu_Bila_Chaki (saa 4:30 asubuhi)

Mimi nilikuwa shuleni Mei. Naomba tusiruke hilo. Mabweni, vitanda vya ghorofa tatu, watoto mia na kitu chumba kimoja, kikohozi kimoja usiku kinaitikiwa na hamsini. Tulitumwa nyumbani tarehe 7 Juni, na watoto wakasambaa wilaya zote na vikohozi vyao. Hilo nalo halitajwi.

Kwa hiyo sipingi shule kufungwa. Napinga kufungwa na kusahauliwa. Shule yangu ni binafsi, mshahara ulikoma Machi 2020. Nilirudi kidogo Oktoba na watahiniwa, tukafungwa tena. Sasa nakaanga rolex (chapati ya mayai) kando ya barabara. Mwanafunzi wangu wa S2 (kidato cha pili) amekuja juzi kununua, ana mimba ya miezi sita, akaniamkia "shikamoo mwalimu" akaangalia chini. Nikamwekea mayai mawili badala ya moja. Sikujua cha kumwambia.

#17 MamaShadia (saa 4:52 asubuhi)

Uuu. Mwalimu pole.

#18 KijanaWaKasese (saa 6:15 mchana)

Wakuu mnazunguka. Namba zimeshuka kwa sababu ya Covidex, dawa yetu ya mitishamba. Profesa Ogwang wa Chuo Kikuu cha Mbarara ametuokoa na wazungu hawataki kusikia. Nyumba yetu watu saba tuliugua, kichupa kimoja cha matone, siku tano wote tumesimama.

#19 Nesi_wa_Zamu (saa 7:02 mchana)

Mdogo wangu, nafurahi mmepona. Ila wengi wa umri wenu wanapona na matone, bila matone, na kwa chai ya tangawizi. NDA, mamlaka ya dawa, imeiruhusu mwishoni mwa Juni kama dawa ya kusaidia, si ya kuponya. Mimi nimepokea watu waliokaa nayo nyumbani siku tisa, wanafika kidole kinasoma 70 kwenye oksimita (kipimo cha oksijeni mwilini), midomo ya bluu, bado wameshika kichupa.

#20 KijanaWaKasese (saa 7:09 mchana)

Na waliokuja kwenu mapema wote walipona?

#21 Nesi_wa_Zamu (saa 7:30 mchana)

Hapana.

#22 FundiCherehani_Kisenyi (saa 8:00 mchana)

Hapo ndipo nataka tufike, upande wa hospitali. Shemeji yangu aliugua Juni. Za serikali zimejaa, tukampeleka hospitali moja ya binafsi, sitaitaja. Kabla hajashushwa kwenye gari wakataka amana ya milioni tano. Tukakusanya milioni tatu na laki mbili, tukaacha na logbuku ya gari la mjomba. Siku kumi na moja. Alipofariki mwili ukazuiliwa siku mbili mpaka tuweke kiwanja cha Kayunga kwenye maandishi.

Mnaposema "kufungia kunaokoa hospitali", kunaokoa ipi? Hii niliyoiona haikuwa inazama.

#23 Nubi_Bombo (saa 8:14 mchana)

Inna lillahi. Ulikuwa hujatuambia.

#24 Afande_Mstaafu (saa 9:45 alasiri)

Pole sana kijana. Nimekaa na maneno yako.

Ila mimi niliona Ebola ya Gulu mwaka 2000. Watu 425 waliugua, 224 wakafa, akiwemo Daktari Lukwiya wa Lacor aliyeshika wagonjwa kwa mikono yake mpaka ikamchukua Desemba. Ile tuliimaliza, na Kampala haikufungwa hata siku moja. Sasa najiuliza mwenyewe, ninayetetea kufungia: mbona ile iliwezekana?

#25 Nesi_wa_Zamu (saa 11:20 jioni)

Mzee, Ebola mtu anaambukiza akishaanza kuugua, tena anaugua mpaka jirani anajua. Unamfuata, unawafuata aliowagusa siku 21, unafunga mnyororo. Korona mtu anaambukiza anacheka, anaenda harusini. Huwezi kufuata asiyejijua. Kwa hiyo unafunga wote, au unachanja wote. Na chanjo, Machi tulipata dozi 964,000 wakati wanaohitajika ni watu milioni 21.9.

Hapo Fundi ana haki. Kufungia ni kusubiri. Ila kusubiri nini, mimi nasubiri chanjo.

#26 Mhaya_wa_Mutukula (saa 11:31 jioni)

Chanjo ambayo nusu ya kijiji chako hawaitaki.

#27 Nesi_wa_Zamu (saa 11:33 jioni)

Waliikataa Machi. Juni walipoona majeneza walipanga mstari tangu alfajiri, na dozi zikawa zimekwisha.

#28 MamaShadia (saa 2:10 usiku)

Kuna aliyepata ile laki moja ya msaada ya Waziri Mkuu Nabbanja? Simu yangu naiangalia kama inadaiwa.

#29 MukwanoWaBoda (saa 2:18 usiku)

Mimi nimepata! Jina limeandikwa sivyo lakini namba ni yangu. Kwetu mwenyekiti wa LC1, yule wa kijiji, aliandika watu, orodha ikarudi na majina ambayo hata yeye hayajui. Watu kama 500,000 nchi nzima, mama, subiri au sahau.

#30 Hesabu_Kali (saa 2:30 usiku)

Mwaka jana ilikuwa kilo 6 za unga na kilo 3 za maharage kwa kichwa, Kampala na Wakiso. Laki moja gawanya kwa siku 42 ni shilingi 2,380. Rolex moja ya mwalimu na chenji kidogo.

#31 Mwalimu_Bila_Chaki (saa 2:41 usiku)

Ya yai moja.

#32 Nubi_Bombo (saa 3:00 usiku)

Mnakumbuka mwaka jana mzee alivyotufundisha mazoezi ya ndani? Pushapu thelathini juu ya zulia, pekupeku. Baba yangu ana miaka 71, akajaribu asubuhi yake. Mgongo ukakamata. Hospitali hatukuweza kwenda, gari hakuna 😂

#33 Hesabu_Kali (saa 3:25 usiku)

Nirudi kwenye mada. Nani anajua kwa hakika kwamba kufungiwa ndiko kulikoshusha namba? Tumefungiwa kabisa tarehe 18 Juni, lakini hatua za kwanza zilitangazwa tarehe 6: shule, safari za wilaya kwa wilaya. Huenda zile pekee zingetosha. Huenda Delta ilishawapitia waliokuwa karibu. Huenda watu waliogopa wenyewe, maana Juni kila simu iliyolia ilikuwa msiba, nani angeenda kwenye karamu? Mimi naona hofu ilifanya kazi kuliko LDU.

#34 MzigoMalaba (saa 3:50 usiku)

Hofu, nakubali. Barabara ya Jinja mwezi wa sita nimeipita mchana, hakuna polisi kilomita nyingi na hakuna mtu pia.

#35 Nesi_wa_Zamu (saa 4:02 usiku)

Na kupima kulipungua, kaka Hesabu. Watu wakawa wanajitibu nyumbani bila kupima. Namba ilishuka kwenye karatasi kabla ya kushuka wodini. Wodini imeshuka kweli, lakini wiki tatu hivi nyuma ya karatasi.

#36 Nubi_Bombo (Ijumaa 30 Julai, saa 9:05 alasiri)

ACHENI KORONA KIDOGO!! Cheptegei fedha! Kiplimo shaba! Mita 10,000 Olimpiki ya Tokyo! Watoto wa Sebei!!!

#37 MukwanoWaBoda (saa 9:08 alasiri)

Nimesimamisha mzigo wa matofali kuangalia kwa simu ya mtu. Barega wa Ethiopia alitoroka mwishoni. Wamekimbia wenzetu hawana hata pa kufanyia mazoezi ya pamoja.

#38 Afande_Mstaafu (saa 9:15 alasiri)

Kapchorwa hawajui kafyu, mlima wote ni wao.

#39 Hesabu_Kali (saa 4:20 usiku)

Hotuba imekwisha. Kwa ambao umeme umekatika: taksi zinarudi nusu abiria. Boda abiria mmoja, mwisho saa 12 jioni. Arkedi zinafunguliwa kwa masharti. Kafyu inabaki saa 1 usiku. Baa, makanisa na misikiti bado. Shule bado, mpaka chanjo ya kutosha, pamoja na watoto wa miaka 12 hadi 18.

#40 Nubi_Bombo (saa 4:26 usiku)

Idi ya juzi tumeswali sebuleni, sasa na Ijumaa zijazo. Arkedi yenye madirisha ya kuhesabu inafunguliwa, msikiti wenye ua mpana unafungwa. Nani anieleze hiyo sayansi.

#41 Mwalimu_Bila_Chaki (saa 4:31 usiku)

Mpaka wachanjwe watoto. Watu wazima hazijatosha.

Basi, kesho nahitaji unga wa ngano kilo kumi. Anayejua bei ya jumla ya Kikuubo, pale sokoni Kampala, aniandikie.

#42 MamaShadia (saa 4:40 usiku)

Nakuandikia pembeni, mwalimu. Fundi umeshinda, mbona kimya?

#43 FundiCherehani_Kisenyi (Jumanne 3 Agosti, saa 10:15 alasiri)

Wakuu, nilikuwa nafungua duka. Asanteni wote, hata mlionipinga. Dada nesi zaidi.

Shata ilikuwa imeshika kutu, tuliipiga nyundo watu wawili. Cherehani ni nzima. Panya wamekula mkanda mmoja, na wamepita kwenye kitambaa kile kilichokunjwa, kila mkunjo tobo, ukikikunjua yanajipanga mstari kama vifungo.

Sikuwaambia mimi hushona nini. Ni sare za shule. Nina kaptula 60 za kaki zilizokatwa tangu Mei na oda haina mwenyewe. Kwa hiyo nimefunguliwa, nimekaa dukani, mwenye jengo amepita mara mbili kunisalimia.

Kuna anayejua kama kaki ya sare inafaa suruali ya kazi? Upana unatosha kama nikiunga paneli ubavuni.

#44 MukwanoWaBoda (saa 10:22 alasiri)

Nishonee moja, kiuno 34, mifuko miwili mikubwa ya mbele. Lakini nije kuichukua kabla ya saa 12, baada ya hapo mimi ni mhalifu.